Bei ya nyumba imepanda asilimia ngapi? Uliza kwanza ni nyumba ipi, kwa fedha gani na tangu lini

Kila baada ya miezi mitatu, kampuni kubwa za uwakala wa majengo na mashirika ya takwimu hutoa majedwali ya kulinganisha bei za nyumba katika miji na nchi za dunia. Muda si muda yanapigwa picha, yanarushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na mjadala unaanza: mbona Dubai imepanda kiasi kile, mbona London imelala, mbona sisi hatumo. Dalali hachelewi kudandia: "Si mnaona wenyewe? Nyumba haijawahi kumtupa mtu."

Jedwali la Septemba 2022 lilikuwa la aina yake. Juu kabisa ilikaa Uturuki, ambako bei za nyumba zilikuwa zimepanda kwa asilimia 189.2 ndani ya miezi kumi na miwili, na Istanbul ikiwa juu hata ya wastani huo wa nchi. Aliyesoma haraka aliona nyumba moja ya Uturuki imezaa karibu nyumba mbili nyingine kwa mwaka mmoja. Namba haikuwa ya uongo, ilitoka benki kuu ya nchi hiyo. Lakini nyumba hizohizo, katika mwaka huohuo, zilikuwa pia zimepanda kwa asilimia 58, na tena kwa kama asilimia 34. Zote tatu ni sahihi. Tutafika huko, ila kwanza tusafishe maneno yanayotumika, maana nusu ya ugomvi unatokea hapo.

Bei ni kitu kimoja, mwendo wa bei ni kitu kingine. Zurich ni ghali kuliko Istanbul kwa mbali, lakini mwaka ule Istanbul ndiyo iliyokimbia. Jedwali la mabadiliko halikuonyeshi mji ulio ghali, linaonyesha mji umesogea kiasi gani kutoka pale ulipokuwa mwaka uliotangulia. Mji wa bei nafuu ulioamka ghafla unaweza kuongoza orodha na bado ukabaki nafuu.

Wastani nao una hila zake. Chukua nyumba tano zilizouzwa mtaa mmoja kwa shilingi milioni 40, 50, 60, 70 na 780. Jumlisha, gawanya kwa tano, unapata wastani wa milioni 200. Hakuna nyumba hata moja kati ya hizo iliyo karibu na milioni 200! Kwa sababu hiyo wanatakwimu wengi hupenda bei ya katikati: unazipanga nyumba kuanzia ya bei ndogo hadi ya bei kubwa, kisha unachukua iliyokaa katikati. Hapa ni milioni 60. Magazeti huziita zote mbili "wastani" bila kujali, na mtu anaweza kulinganisha wastani wa mji mmoja na bei ya katikati ya mji mwingine akidhani anapima kwa mizani moja.

Neno la tatu ni fahirisi. Tanzania tumelizoea kwa sababu ya fahirisi za bei zinazotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Unachagua kipindi kimoja, unakipa namba 100, halafu bei zote zinazofuata zinapimwa kwa hicho. Fahirisi ikisoma 130, bei ziko asilimia 30 juu ya zilivyokuwa mwanzo. Nyumba ni shilingi ngapi, hilo haisemi.

Nguru wa Feri na fleti za Tokyo

Tuseme uko soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Jumatatu boti zimeleta vibua na dagaa kwa wingi, nguru wa kuhesabika. Jumanne wameingia nguru watupu. Ukipiga hesabu ya bei ya wastani ya kilo ya samaki utakuta imeruka usiku mmoja, na hakuna mchuuzi aliyeongeza hata shilingi. Kilichobadilika ni samaki waliofika mnadani.

Nyumba ziko hivyohivyo. Hakuna anayepima nyumba zote za mji, zinapimwa zile zilizouzwa katika kipindi husika. Machi 2023, wastani wa bei ya fleti mpya katika Tokyo na mikoa inayoizunguka ulifika yen milioni 143.6, zaidi ya mara mbili ya Machi ya mwaka uliotangulia. Vichwa vya habari vikapamba moto. Kumbe mwezi ule yalikuwa yameingia sokoni majengo mawili ya kifahari katika wilaya ya Minato, mojawapo likiitwa Mita Garden Hills, lenye fleti zaidi ya elfu moja. Mwezi uliofuata wastani ulishuka hadi karibu nusu. Mwenye fleti ya kawaida pembeni mwa Tokyo hakutajirika Machi wala hakufilisika Aprili.

Dawa mojawapo ya tatizo hili ni kuifuata nyumba ileile. Wachumi wa Marekani Karl Case na Robert Shiller walifanya hivyo miaka ya 1980: wakatafuta nyumba zilizouzwa zaidi ya mara moja, wakalinganisha bei ya mauzo ya kwanza na ya pili, kisha wakaunganisha jozi hizo kupata fahirisi. Mpaka leo fahirisi yenye majina yao ndiyo inayonukuliwa zaidi Marekani. Udhaifu wake ni kwamba nyumba mpya haihesabiki mpaka iuzwe tena, na aliyeongeza vyumba viwili na jiko jipya anaweza kuonekana kama aliyebebwa na soko tu. Dawa nyingine ni kuichambua bei kwa sifa za nyumba: chumba kimoja zaidi kina thamani gani, uwanja una thamani gani, umbali kutoka katikati ya mji unapunguza kiasi gani. Ukishajua hayo unaweza kuuliza, nyumba ya sifa zilezile ingeuzwa bei gani mwaka huu?

Kwa hiyo ukiona wastani mtupu wa mauzo ya mwezi mmoja, upe imani kidogo. Fahirisi iliyotengenezwa kwa njia moja kati ya hizo mbili, ipe zaidi.

Kuna mtego mdogo unaofanana na huo, nao ni mipaka. Paris inayotajwa na wanasheria wa mauzo ya nyumba wa Ufaransa ni mji wa ndani ya barabara ya mzunguko, wenye watu wapatao milioni mbili tu. Huko bei ya mita ya mraba ilifika karibu euro 10,800 mwishoni mwa 2020 ikateremka hadi kama 9,500 mwaka 2024. Vitongoji wanakoishi mamilioni ya watu wengine havimo kwenye namba hiyo. New York ni kinyume chake: fahirisi ya Case na Shiller inayobeba jina la mji huo inaingiza maeneo ya New Jersey na Connecticut, na inapima nyumba za kusimama peke yake. Fleti, ambazo ndizo Manhattan yenyewe, hazimo, zina fahirisi yao ya pembeni. Sydney wanatenganisha "nyumba" na fleti, na bei ya katikati ya nyumba inaipita ya fleti kwa mbali. Sasa mtu anapoziweka Paris, New York na Sydney kwenye mstari mmoja, amelinganisha nini?

Namba tatu za Uturuki

Turudi kwenye zile asilimia 189.2, maana fedha ndiyo inayopotosha watu kuliko mambo mengine yote.

Nyumba iliyouzwa lira 100 Septemba 2021 iliuzwa lira 289.2 Septemba 2022. Lakini katika miezi ileile kila kitu kilipanda: mkate, nauli, mafuta ya kula. Mfumuko rasmi wa bei ulikuwa asilimia 83.45, yaani kapu la mahitaji la lira 100 lilifika lira 183.45. Gawanya 289.2 kwa 183.45, unapata kama 1.58. Nyumba ilipanda dhidi ya mahitaji mengine kwa asilimia 58. Hii ndiyo inayoitwa bei halisi, bei iliyoondolewa mfumuko. Angalia kwamba hatukutoa 83 kutoka 189. Mfumuko ukiwa mdogo, kutoa kunakaribia ukweli, ukiwa mkubwa hivi unakupeleka pabaya.

Namba ya tatu ni ya mtu mwenye dola. Septemba 2021 dola moja ilikuwa kama lira 8.5, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa lira 18 na ushee. Lira zimekuwa nyingi, lakini kila moja imepungua nguvu zaidi ya nusu. Kwa dola, nyumba ilipanda kwa karibu theluthi moja. Bado ni kupanda kwa nguvu, ila si zile asilimia 189 za kwenye picha.

Chanzo chake hakikuwa siri. Kuanzia Septemba 2021 benki kuu ya Uturuki ilikuwa inashusha riba, kutoka asilimia 19 hadi 14 mwezi Desemba, wakati bei za vitu zinapanda. Mwenye lira benki aliona akiba yake inayeyuka, akakimbilia chochote kigumu: dola, dhahabu, gari, nyumba. Kwa hiyo sehemu ya mbio zile ilikuwa watu wakiikimbia fedha yao wenyewe, na hilo si jambo la kushangilia.

Kisha upepo ukageuka. Kati ya Juni 2023 na Machi 2024 riba ilipandishwa kutoka asilimia 8.5 hadi 50. Kufikia Desemba 2024 jedwali liliendelea kuionyesha Uturuki karibu na kilele, bei zikiwa zimepanda kwa zaidi kidogo ya asilimia 29. Mfumuko mwezi ule ulikuwa asilimia 44.4. Piga hesabu kama mwanzo: bei halisi ilikuwa imeshuka kwa asilimia 10. Nchi iliyokaa juu kwenye jedwali ilikuwa nchi ambayo nyumba zake zinapoteza thamani. Kama utakumbuka mfano mmoja tu katika makala haya, uwe huu.

London ni mfano uleule uliovaa suti. Katikati ya 2016 hadi katikati ya 2024, bei ya wastani ya nyumba London iliongezeka kwa kama sehemu moja ya kumi. Bei za bidhaa Uingereza katika miaka hiyo minane ziliongezeka kwa theluthi moja. Anayesema nyumba za London zimepanda hajakosea, na anayesema zimeshuka sana hajakosea pia. Ndugu aliyenunua fleti kusini mwa London mwaka 2016 na kuwaambia wa nyumbani kuwa imepanda kwa pauni elfu arobaini, ana namba ya kweli inayoficha hasara ya kweli.

Fedha za kigeni zinaweza kugeuza picha nzima bila tofali kusogea. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilikuwa 129 hivi. Nyumba ya Nairobi ambayo bei yake haikubadilika hata senti kwa shilingi ilikuwa imepanda kwa asilimia 24 kwa mtu anayehesabu dola. Tokyo ilikuwa kinyume. Fleti ya yen milioni 100 ilikuwa na thamani ya karibu dola 970,000 mwanzoni mwa 2021, na mwezi Julai 2024, yen ilipofika 160 kwa dola, ilikuwa kama dola 620,000. Wajapani walikuwa wakilalamika kwamba nyumba zimepanda kupita uwezo wao, na wageni wakasema Tokyo ni ya kuokota. Wote walikuwa wakitazama fleti moja.

Ipi basi ndiyo namba halali? Kwa maoni yangu, inategemea mfuko wako unajazwa na fedha gani. Mkazi anayelipwa lira na kununua mkate kwa lira anahitaji bei halisi ya lira, na juu yake anahitaji kujua kipato chake kimekwenda wapi. Mtu anayefanya kazi Muscat au Minneapolis na kutuma fedha kujenga Mombasa anahitaji hesabu ya fedha anayopokea. Jedwali la dola linamfaa mwekezaji anayezunguka dunia na mkoba, kisha linasomwa na watu ambao hawajawahi kulipwa dola hata moja.

Hilo la kipato lina kipimo chake rahisi: chukua bei ya katikati ya nyumba, gawanya kwa kipato cha katikati cha kaya kwa mwaka. Mwaka 2021 Hong Kong ilisoma 23.2, yaani kaya ya kawaida ingeweka akiba kila senti kwa miaka zaidi ya ishirini na mitatu bila kula wala kuvaa ndipo inunue nyumba ya kawaida. Pittsburgh, Marekani, ilikuwa karibu 3. Ningeweza kuchagua safu moja tu ya kuongeza kwenye majedwali ya WhatsApp, ningeongeza hii.

Hong Kong na hila ya kuchagua mwaka

Serikali ya Hong Kong ina fahirisi inayohesabu 1999 kuwa 100. Oktoba 1997, miezi michache baada ya mji kurudi China, ilisoma kama 173. Ukaja msukosuko wa fedha wa Asia, kisha ugonjwa wa SARS, na kufikia katikati ya 2003 fahirisi ilikuwa 58. Kutoka hapo ilipanda karibu bila kupumzika hadi 398 mwezi Septemba 2021, halafu ikapoteza zaidi ya robo kufikia mwanzo wa 2025.

Sasa mpe dalali karatasi. Akianza mchoro wake 2003, bei hadi 2021 zimekuwa karibu mara saba. Akianza 1997, zimekuwa mara mbili na kidogo, kwa miaka ishirini na minne. Akianza 2021 zimeporomoka. Hajadanganya popote. Kwa hiyo mtu akikwambia mji fulani umepanda asilimia kadhaa, muulize "tangu lini?" kabla ya kuuliza kwa nini.

Tuzingatie pia jambo moja la hesabu linalowaponza hata wasomi. Kutoka 173 hadi 58 ni kushuka kwa asilimia 66. Kurudi kutoka 58 hadi 173 ni kupanda kwa asilimia 198. Kushuka na kupanda havipimani: kilichopotea nusu kinahitaji kuongezeka maradufu ndipo kirudi kilipokuwa. Hong Kong ilihitaji mpaka 2011 kuipita tena namba ya 1997. Ukisikia mji umepanda asilimia 70 kwa miaka mitatu, tazama kama haukuwa umetoka shimoni. Dubai ni mfano mzuri. Baada ya kilele cha 2008 bei zilianguka kwa karibu nusu, zikainuka, zikaanza kuteleza tena kuanzia 2014 mpaka 2020, na kupanda kwa nguvu kunakosemwa sasa kulianza 2021 kutoka bondeni.

Dubai na Hong Kong zinafundisha jambo lingine zikiwekwa pamoja. Fedha za miji yote miwili zimefungwa kwa dola ya Marekani: dola ya Hong Kong tangu 1983, dirhamu kwa 3.6725 tangu 1997. Marekani ikipandisha riba, nao lazima wafuate. Kuanzia Machi 2022 Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mpaka zaidi ya asilimia 5 ndani ya mwaka mmoja na nusu, na mkopo wa nyumba ukawa mzigo kote kuwili. Hong Kong ikateremka, Dubai ikapaa. Riba ilikuwa moja, watu hawakuwa wale wale. Hong Kong ilikuwa inapoteza wakazi na uchumi wa China bara ulikuwa umedhoofika. Dubai ilikuwa inapokea watu na fedha kutoka Urusi, India, Ulaya na kwingineko, wengi wao wakilipa taslimu au kwa awamu kwa mjenzi bila kupitia benki. Mnunuzi wa taslimu hana habari na riba.

Aina ya mkopo nayo hufanya miji ipishane. Sweden watu wengi hukopa kwa riba inayobadilika, na bei zilishuka kwa kama asilimia 15 kutoka kilele cha 2022. Toronto, bei ya wastani ilitoka dola za Kanada milioni 1.33 Februari 2022 hadi milioni 1.04 Januari 2023. Marekani kwenyewe, riba ilikopandia, bei hazikuanguka hivyo. Huko mkopo wa kawaida ni wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika. Aliyekopa 2020 kwa asilimia 3 hana sababu ya kuuza nyumba ili akakope nyingine kwa asilimia 7, basi akabaki alipo, nyumba za kuuzwa zikaadimika, bei ikasimama. Ni ajabu kidogo: riba kali ilizuia bei isishuke.

Yanayosemwa vijiweni

Kwamba nyumba haishuki bei, Hong Kong na Dubai zimeshajibu, na Tokyo ilijibu kwa ukali zaidi: baada ya povu la miaka ya 1980, yaani bei zilizovimba kupita kiasi, kupasuka, bei za ardhi zilianza kushuka mwanzoni mwa miaka ya 1990 na zikaendelea kushuka kwa zaidi ya miaka kumi. Wapo waliomaliza kulipa mkopo mkubwa kuliko thamani ya nyumba waliyoikopea. Ukitaka mtazamo mrefu zaidi, nenda Amsterdam. Mtafiti Piet Eichholtz alifuatilia mauzo ya nyumba za kando ya mfereji wa Herengracht kuanzia 1628 hadi 1973, karibu miaka 350, akiondoa mfumuko wa bei. Bei halisi iliongezeka kama mara mbili tu, wastani wa sehemu ndogo sana ya asilimia kwa mwaka. Na huo ni mtaa wa matajiri, katika mji uliofanikiwa.

La pili ni kwamba wageni ndio wanaopandisha bei. Wageni huongeza moto katika mitaa fulani, hilo lipo, na serikali ya jimbo la British Columbia, Kanada, iliweka kodi ya asilimia 15 kwa wanunuzi wa kigeni wa Vancouver mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Lakini tazama New Zealand. Oktoba 2018 iliwapiga marufuku wageni wengi kununua nyumba zilizokwisha kujengwa. Miaka miwili baadaye, benki kuu ilipokuwa imeshusha riba hadi asilimia 0.25 kwa sababu ya korona, bei za Auckland zilipanda kwa kasi ya kutisha, wenyeji wakishindana na wenyeji, mpaka riba ilipopandishwa ndipo zikaanguka. Tanzania mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi kama mwenyeji, na hakuna aliyeona viwanja vya Dar es Salaam vikikaa kimya kwa sababu hiyo.

La tatu, nyumba ikipanda mwenye nyumba ametajirika. Ametajirika kama anauza na kuhamia mahali ambapo hapakupanda. Anayebaki humohumo analala chumba kilekile, na mwanawe atahitaji fedha nyingi zaidi kupata chumba chake. Mpangaji ndiye hana hata faraja ya karatasi.

Kwa nini Dar es Salaam haionekani

Fahirisi yoyote inahitaji mauzo mengi yaliyoandikwa kwa bei ya kweli. Kenya, Chama cha Mabenki kilianza kutoa fahirisi yake mwaka 2015, nayo hutegemea nyumba zinazopita mikononi mwa wakopeshaji. Lakini mikopo ya nyumba katika nchi nzima ya watu zaidi ya milioni 50 ni kama elfu thelathini hivi. Fleti ya Kilimani au Kileleshwa, mitaa ya wenye nazo Nairobi, itaonekana, nyumba ya Githurai iliyojengwa kwa fedha za chama cha kuweka akiba haitaonekana.

Dar es Salaam ni zaidi ya hapo. Watu wengi hawanunui nyumba, wanaijenga. Kiwanja mwaka huu, msingi mwaka kesho, tofali zinafyatuliwa mpaka mvua zianze, bati linasubiri bonasi au mchezo. Nyumba kama hiyo haina siku ya kuuzwa wala bei moja, gharama yake imetawanyika katika miaka minane au kumi ya shilingi zenye nguvu tofauti. Na kiwanja kinapouzwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, bei iliyoandikwa kwenye mkataba si lazima iwe ile iliyohesabiwa mezani, kwa kuwa kodi inafuata maandishi.

Kwa hiyo ukiona jedwali la dunia lenye mstari wa "Dar es Salaam", uliza kwanza kama si nyumba za Masaki na Oysterbay, zile zilizokuwa zikitangazwa kwa dola kabla ya kanuni za 2025 kukataza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Ni soko la kweli, lakini ni dogo, na bei zake nyingi ni za matangazo. Bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji. Kwa anayetafuta pa kujenga Goba au Kibada, kipimo kinachofaa ni bei ya mita ya mraba ya kiwanja chenye hati, katika mtaa uleule, kwa miaka miwili tofauti, ikiwekwa kando ya bei ya mfuko wa saruji na mshahara wake wa miaka hiyohiyo. Namba hizo atazipata kwa kuwauliza watu waliokwisha kuuza na kununua pale, wawili watatu, kila mmoja peke yake.